Kicheza Muziki Kinachokataa Kufomatiwa: Kwa Nini Nyimbo Zilizofutwa Hurudi

Swali: Nina kicheza muziki kidogo cha mkononi chenye hifadhi ya ndani ya GB 8 na nafasi ya kuweka memori kadi. Kilianza kukwama katikati ya nyimbo, nikaamua kukifomati kwa kompyuta ya Windows. Nikichagua kufomati kikamilifu, kazi huenda vizuri hadi karibu na mwisho, kisha kompyuta husema imeshindwa kukamilisha. Nikichagua njia ya haraka, kazi hukamilika na hifadhi huonekana tupu, lakini nikichomoa kifaa na kukichomeka tena nakuta nyimbo zote za zamani zimerudi. Nilinunua kadi ya GB 64 ili nitumie hiyo badala yake, nayo baada ya kuifomati kwenye kompyuta, kicheza huandika kwamba kadi haijafomatiwa. Je, kifaa kimekufa, au kuna hatua niliyoiruka?

Jibu: Ndugu msomaji, umeeleza matatizo mawili tofauti kana kwamba ni moja, na ndiyo maana kila hatua uliyochukua imekuongezea utata. Kadi inayokubaliwa na kompyuta na kukataliwa na kicheza ina tatizo la mpangilio, na mara nyingi hilo hurekebishika siku hiyo hiyo. Hifadhi ya ndani inayofutwa kisha ikaonyesha nyimbo zile zile ina tatizo la kuandika, ambalo linaweza kuwa dogo kama waya mbovu, au kubwa kiasi cha kutotengenezeka. Nitaanza na hilo la hifadhi ya ndani. Kabla ya lolote, tafadhali acha kufomati kwanza. Kwa kuwa nyimbo bado zinaonekana, zinakili zote kwenye kompyuta leo, pamoja na sauti ulizorekodi mwenyewe kama zipo, kwa sababu hifadhi iliyoanza kugoma kuandika inaweza kugoma kusoma pia, na haitoi taarifa mapema.

Kufomati kwa haraka, ambako Windows hukuchagulia usipobadilisha kitu, hakufuti wimbo hata mmoja. Kompyuta huandika upya sekta ya kuanzia (sekta ni kipande kidogo cha hifadhi chenye namba yake), majedwali yanayoonyesha kila faili limehifadhiwa wapi, na folda kuu iliyo tupu. Nyimbo zenyewe hubaki kwenye chipu mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati kikamilifu ni kazi nzito zaidi, kwa maana tangu Windows Vista kompyuta hupita kwenye hifadhi yote ikiandika sifuri, kisha huandika majedwali na kuifungua hifadhi upya. GB 8 ni takriban megabaiti 8,000, na kicheza kidogo kinachoandika megabaiti 5 kwa sekunde kitahitaji sekunde 1,600, yaani karibu dakika 27 ambazo mstari wa maendeleo husogea polepole mno. Watu wengi hudhani kompyuta imekwama, wakachomoa waya, na kuchomoa huko kukaleta uharibifu ambao haukuwapo. Kwako kazi hufika karibu na mwisho ndipo ikakataliwa, na hilo linanipa fununu: yamkini kompyuta ilituma sifuri zake zote bila kupingwa, lakini iliporudi kusoma kile ilichodhani imekiandika, haikukikuta.

Ili uone jinsi jambo hilo linavyowezekana, ni lazima ujue kwamba kompyuta haigusi chipu ya kumbukumbu moja kwa moja. Kati yao kuna kidhibiti, ambacho ni kama karani wa ghala: kompyuta huomba sekta yenye namba fulani, naye hutazama daftari lake na kujua mzigo huo uko rafu gani. Kumbukumbu ya flashi huandikwa kwa kurasa lakini hufutwa kwa bloku nzima, na kila bloku huchakaa kadiri inavyofutwa. Chipu za SLC, zinazoweka biti moja katika kila seli, zilikadiriwa kustahimili mizunguko kama 100,000 ya kufutwa, ilhali zile za TLC, zinazoweka biti tatu katika kila seli na ambazo ni nafuu na zimeenea zaidi, hukadiriwa kwa mamia au maelfu machache tu. Kwa sababu hiyo kidhibiti huhamishahamisha data ili bloku zichakae kwa usawa, na hutunza bloku za akiba za kuziba nafasi ya zile zitakazokufa. Akiba hiyo ikiisha, au daftari likivurugika kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kuandika, vidhibiti vingi hufunga njia ya kuandika na kuacha wazi njia ya kusoma. Baadhi hukataa waziwazi, na kompyuta hutangaza kwamba diski imelindwa isiandikwe. Vingine hupokea kila amri bila kulalamika na kisha kutoitekeleza. Wakati huo kompyuta inakuwa na nakala ya mabadiliko kwenye kumbukumbu yake ya muda, na nakala hiyo ndiyo unayoiona ukidhani hifadhi ni tupu. Ukichomoa waya, nakala hupotea, na ukichomeka tena unaona kile kilichokuwa kwenye chipu muda wote.

Hapo ndipo ninapokishuku kicheza chako. Hata hivyo, sidhani kwamba kilichakaa kwa kutumika sana, kwa kuwa mwenye kicheza muziki hubadilisha nyimbo mara chache na kuzisikiliza mara nyingi, na kusikiliza hakuchakazi bloku kwa namna ya kutia hofu. Katika vifaa vya aina hii, sababu ninayoitafuta kwanza ni kuchomolewa ghafla, au betri kuisha faili likiwa bado linaandikwa.

Dhana hiyo inahitaji kuthibitishwa, na kabla ya hapo yapo mambo ya kawaida yanayoweza kuleta dalili zinazofanana nayo. La kwanza ni umeme na waya. Tundu la USB 2.0 limewekewa kikomo cha miliampia 500, na kicheza chenye betri tupu hutaka kujichaji na kuandika kwa wakati mmoja; ukikiunganisha kupitia habu isiyo na umeme wake, volteji inaweza kushuka wakati wa kuandika mfululizo na kidhibiti kikajiwasha upya bila wewe kuona chochote kwenye skrini. Chaji kifaa mpaka betri ijae, tumia waya mfupi unaojulikana kubeba data vizuri, na uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma yaliyo kwenye bodi kuu. Dalili zikibadilika kwa kubadilisha waya tu, umeshapata jibu na huna haja ya kusoma sehemu kubwa ya yanayofuata.

La pili ni namna kicheza kinavyojitambulisha kwa kompyuta. Vicheza vingi vina namna mbili, MSC na MTP, na huchaguliwa kwenye menyu ya mipangilio chini ya maneno kama USB au muunganisho. Kikiwa katika MSC, kicheza huikabidhi kompyuta hifadhi nzima, nayo huonekana kama diski yenye herufi yake. Ndiyo maana wakati huo huwezi kusikiliza wimbo. Kikiwa katika MTP, kicheza chenyewe hubaki mwenye mamlaka juu ya mafaili, na kompyuta huomba tu faili liongezwe au lifutwe. Katika hali hiyo hakuna herufi ya diski, na programu za kompyuta za kurekebisha diski haziwezi kuifikia hifadhi. Majaribio yote ninayoyaeleza hapa yafanyike katika MSC.

La tatu ni programu zinazoshikilia diski. Programu ya maktaba ya muziki inayojifungua yenyewe kila kifaa kinapochomekwa, au kinga ya virusi inayokagua mafaili, huweza kuizuia Windows isiifunge hifadhi kwa ajili ya kuifomati. Zifunge zote, pamoja na dirisha linaloonyesha mafaili ya kicheza. Nitaje pia jambo dogo ambalo huwapotezea watu muda: jina la hifadhi katika FAT32, ambao ni mfumo wa mafaili, yaani utaratibu wa kupanga mafaili kwenye hifadhi, halizidi herufi 11, na ukiandika jina refu zaidi kufomati kutakataliwa kwa sababu isiyohusiana kabisa na afya ya kifaa.

Sasa fanya jaribio hili, ambalo linatoa taarifa nyingi kuliko kufomati tena na tena. Kifaa kikiwa kimechomekwa, tengeneza faili dogo la maandishi ndani yake, liite jaribio, na uandike humo saa na dakika ya wakati huo. Kisha chagua wimbo mmoja ambao tayari umeunakili, ufute. Toa kifaa kwa njia salama kupitia alama iliyo chini ya skrini ya kompyuta, subiri uambiwe kwamba unaweza kukichomoa, kichomoe, kiwashe chenyewe kwa muda, kisha kichomeke tena. Ukikuta faili la jaribio lipo na linasomeka sawasawa, na wimbo ule haupo, basi hifadhi inaandika vizuri na tatizo liko katika hatua za kufomati, si katika chipu. Ukikuta faili lipo lakini ndani yake mna alama zisizosomeka, nashuku waya au bloku mbovu. Rudia kwa waya mwingine. Ukikuta faili limetoweka na wimbo umerudi, na hali ikawa hivyo hivyo kwenye kompyuta nyingine na waya mwingine, basi kidhibiti kimefunga kuandika.

Uliuliza kama kuna hatua uliyoiruka. Ipo, nayo ni menyu ya kicheza chenyewe. Vicheza vingi vina amri ya kufomati ndani ya mipangilio yao, na mimi huitumia kabla ya kompyuta, kwa sababu kifaa kinajua hifadhi yake ianzie sekta gani, itumie klasta (mafungu ya sekta ambayo mafaili hugawiwa) za ukubwa gani, na folda zipi zinahitajika ili maktaba ya nyimbo ijengeke. Aidha, katika vicheza vingi vya flashi, programu ya ndani inayokiendesha kifaa imehifadhiwa katika eneo ambalo kompyuta haionyeshwi, kwa hiyo menyu hiyo haiigusi. Chaji betri, chomoa waya, ingia kwenye mipangilio, fomati, uache kifaa kimalize na kujenga maktaba yake upya bila kukibonyeza. Kama jaribio la faili lilionyesha kwamba hifadhi inaandika, natarajia hatua hii pekee imalize tatizo lako.

Kifaa kikiwa hakina amri hiyo, au kompyuta ikisema wazi kwamba diski imelindwa, ndipo utumie diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski kwa kuandika amri. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika diskpart, kisha list disk. Utaonyeshwa diski zote za kompyuta kwa namba na ukubwa. Hapa naomba utulie, kwa sababu amri zinazofuata hazikuulizi mara mbili, na namba moja isiyo sahihi inaweza kufuta diski ya kompyuta yako yote. Hifadhi ya GB 8 itaonekana kama takriban GB 7 na kitu, kwa kuwa watengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000 ilhali Windows hugawa kwa 1,073,741,824. Baiti bilioni 8 hugeuka kuwa 7.45. Chomoa kicheza, rudia list disk, uone ni mstari upi umetoweka. Kichomeke tena, uone umerudi na namba gani. Ukiwa na hakika, andika select disk na namba hiyo, kisha attributes disk clear readonly. Jaribu faili la jaribio tena kabla ya kuendelea, kwa sababu kama ulinzi ulikuwa wa Windows tu, tatizo limekwisha. Kama bado, rudi kwenye diskpart, chagua diski ile ile, uandike kwa kufuatana clean, create partition primary, format fs=fat32 quick, na assign. Amri ya clean hufuta jedwali la patisheni, yaani ramani ya namna diski ilivyogawanywa, na ile ya kufomati huweka FAT32 ambayo karibu kila kicheza huielewa.

Onyo moja kwa wasomaji wenye vifaa vya aina nyingine: vicheza vya zamani vyenye diski ngumu ndani, kama iPod za mwanzo zilizotoka mwaka 2001 zikiwa na GB 5, huweka programu yao ya ndani kwenye patisheni ya diski hiyo hiyo. Ukitumia clean kwenye kifaa kama hicho unaondoa na kile kinachokiwasha, na utalazimika kukirejesha kwa iTunes. Kwa iPod, anza na kukirejesha huko huko, wala usipitie diskpart.

Tuseme umefanya yote, na nyimbo zimerudi tena. Katika hali hiyo jibu langu ni la moja kwa moja: hifadhi ya ndani haitaandika tena, na hakuna mfumo wa mafaili utakaoibadilisha, iwe NTFS, exFAT au FAT32, kwa sababu yote matatu huomba ruhusa ile ile ya kuandika kutoka kwa kidhibiti kile kile. Utakutana na programu zinazoahidi kufomati kwa kina, na nyingine zilizovuja kutoka viwandani kwa ajili ya kupanga upya vidhibiti. Zile za kwanza hutuma sifuri zile zile ambazo Windows ilishatuma. Zile za pili zinaweza kufanya kazi iwapo tu zimeandikwa kwa ajili ya kidhibiti chako hasa, na vicheza viwili vinavyofanana kwa umbo na rangi huweza kuwa na vidhibiti tofauti ndani. Ukiweka programu ya ndani ya modeli nyingine, kifaa ambacho sasa kinasoma kinaweza kisiwake tena. Kwa hiyo sikushauri kwenda huko maadamu una kadi inayoweza kukusaidia.

Na sasa tuje kwenye kadi, ambayo ndiyo inayonipa matumaini. Ukubwa wa kadi hauji peke yake, bali huja na mfumo wake wa mafaili uliowekwa na kanuni za kadi za SD. Kadi za SD za kwanza, hadi GB 2, hutumia FAT16 au ndogo yake. SDHC, zilizo juu ya GB 2 hadi 32, hutumia FAT32. Na SDXC, zilizo juu ya GB 32 hadi TB 2, hutoka kiwandani zikiwa na exFAT. FAT32 ilikuja mwaka 1996, na exFAT mwaka 2006. Kicheza ambacho programu yake ya ndani iliandikwa kwa ajili ya SDHC hakijui kusoma exFAT, na kikikutana nayo hakisemi kwamba hakiifahamu. Husema kwamba kadi haijafomatiwa, kwa sababu kwake ndivyo inavyoonekana. NTFS nayo hukataliwa hivyo hivyo, kwa kuwa ni mfumo wa kompyuta na vicheza vichache sana vimeandikiwa uwezo wa kuusoma.

Kwa nini basi hukuifomati kadi hiyo kwa FAT32? Nadhani ni kwa sababu Windows haikukupa nafasi. Dirisha lake la kufomati limezoeleka kutoonyesha FAT32 kwa hifadhi inayozidi GB 32, ingawa FAT32 yenyewe yenye sekta za baiti 512 inaweza kufika TB 2. Kikomo hicho ni cha Windows, si cha FAT32, na ndicho kinachowafanya watu wachague exFAT bila kujua wamechagua kitu ambacho kicheza hakikielewi. Anza kwa kusoma kitabu cha maelekezo. Kikisema kifaa kinakubali SDXC, weka kadi ndani na uifomati kwa menyu ya kicheza. Kikisema mwisho ni GB 32, bado inafaa kujaribu, kwa kuwa vicheza vingi vya namna hiyo husoma kadi ya GB 64 vizuri pale inapofomatiwa kwa FAT32, ingawa mtengenezaji hakuahidi hivyo. Hapo pia menyu ya kicheza ndiyo ya kwanza. Ikikataa, tumia programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kufomati FAT32 kwenye hifadhi kubwa, na uchague klasta za kilobaiti 32. Katika Linux amri ni mkfs.vfat -F 32 ikifuatiwa na jina la patisheni, baada ya kulihakikisha kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski na patisheni zake. Programu rasmi ya chama cha SD ni nzuri sana kwa kadi zilizovurugika, lakini katika kisa chako haitasaidia, kwa sababu inafuata kanuni na itairudisha kadi ya GB 64 kwenye exFAT. Huhitaji kuhofia kikomo cha FAT32 cha faili moja kutofika GB 4, kwa maana hakuna wimbo wa kawaida unaokaribia ukubwa huo.

Kama utaazima kompyuta ya Mac kwa kazi hii, uwe mwangalifu na mpango wa patisheni. Kadi ikifutwa kwa mpango wa GUID, Mac huweza kuweka mwanzoni patisheni ndogo iliyofichwa, ya karibu MB 200, na kicheza kinachosoma patisheni ya kwanza tu hukutana na hiyo, kikaona hamna wimbo hata mmoja. Katika programu ya diski ya Mac, onyesha vifaa vyote, chagua kadi yenyewe badala ya patisheni iliyo chini yake, kisha chagua Master Boot Record na MS-DOS (FAT). Kicheza hicho kikiwa kimekataa kadi kabla, ghafla kitaikubali.

Kwa kuwa kadi ni mpya, ninakuomba uipime kabla ya kuiamini. Kuna kadi ambazo kidhibiti chake kimepangwa kutangaza uwezo mkubwa kuliko chipu iliyomo. Kadi ya namna hiyo hufomatiwa kwa haraka bila tatizo, hupokea nyimbo za kwanza vizuri, kisha zinazozidi uwezo halisi huandikwa juu ya nyingine au kupotea, na msikilizaji hukuta wimbo unakatika, unarukia wimbo mwingine, au folda imejaa majina yenye alama za ajabu. Hapo mtu hulaumu kicheza. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, hujaza kadi yote kwa data inayojulikana, kisha huisoma na kulinganisha. Kwa GB 64 kazi hiyo itachukua muda mrefu, na ni bora uiache ikamilike bila kuikatiza. Ikiripoti kwamba sehemu ya data haikurudi kama ilivyoandikwa, irudishe kadi kwa aliyeiuza, maana kufomati hakutaongeza chipu isiyokuwamo.

Niongeze jambo moja kwa wenye vicheza vya zamani zaidi vya GB 2 au chini ya hapo, kwa sababu hufanana na kufomati kulikoharibika ilhali sivyo. Folda kuu ya FAT16 kwa kawaida ina nafasi 512 tu. Jina refu la faili hutumia nafasi moja kwa kila herufi 13, na nafasi nyingine moja ya jina fupi. Wimbo wenye jina la herufi 40 hula nafasi 5. Ukimwaga nyimbo zote bila folda, baada ya nyimbo zipatazo 100 utaambiwa hifadhi imejaa hata kama nusu yake ni tupu. Tengeneza folda moja, hamishia nyimbo humo, na tatizo litaisha bila kufomati chochote.

Turudi kwenye kile kilichokufanya ukifomati kicheza tangu mwanzo, yaani kukwama katikati ya nyimbo. Kama hifadhi ya ndani itaonekana ni nzima baada ya jaribio la faili, usirudishe nyimbo zote kwa mkupuo. Huenda aliyekuwa akikikwamisha ni faili moja lililonakiliwa nusu, au lenye picha kubwa ya jalada ambayo kumbukumbu ndogo ya kicheza haikuweza kuifungua. Chagua nyimbo za folda moja, zisikilize kwenye kompyuta, ziweke, kisha sikiliza kwenye kicheza kabla ya kuongeza nyingine. Kikikwama tena, unajua folda gani ina mkosaji, na unaweza kuigawa katikati mpaka umfikie. Ukiona kosa dogo la mafaili siku za usoni, amri ya Windows ya kukagua diski, chkdsk, ikifuatiwa na herufi ya diski na /f mara nyingi hurekebisha majedwali bila kufuta nyimbo. Ikikuta vipande vya mafaili visivyo na mwenyewe huviweka katika folda iitwayo FOUND.000, nawe unaweza kuifuta baada ya kuhakikisha hamna unachokihitaji.

Na kama hifadhi ya ndani imefungwa kabisa, kicheza chako bado kinaweza kuendelea kufanya kazi. Weka kadi iliyofomatiwa kwa FAT32, ingia kwenye mipangilio na uchague kadi kuwa chanzo cha nyimbo, kisha uombe maktaba ijengwe upya. Baadhi ya vicheza huandika faharasa ya maktaba kwenye hifadhi ya ndani, na kwa kuwa yako haiandiki, faharasa inaweza kubaki ile ya zamani. Ukiona hivyo, acha menyu ya wasanii na albamu, uzifikie nyimbo kwa kupitia folda, ambayo husomwa moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Ongeza nyimbo mpya kwa kuitoa kadi na kuiweka kwenye kisomaji cha kompyuta badala ya kupitia waya wa kicheza. Kisomaji ni cha haraka zaidi, hakitegemei betri ya kicheza, na kadi ikitolewa kwa njia salama kila mara, ajali iliyoipata hifadhi ya ndani haina nafasi kubwa ya kuipata kadi hiyo.